Mke Aliyetaka Magwanda

Sajenti Mooney, mwandikishaji wa jeshi, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa bashasha tu, na mdomo wake ulikuwa na kawaida ya kutangulia akili. Jumapili ile, watu walipokuwa wakitoka kanisani, alimwona Zoraida amesimama mlangoni na mama mkwe wake, akapaza sauti:

"Dada Zoraida! Vipi ile kadi yako? Shemeji keshatia saini? Fanya haraka, maana nafasi ya uuguzi wa jeshi haitakusubiri!"

Zoraida alimtikisia kichwa anyamaze. Kando yake, Mama Verna Haskew alikuwa akifunga skafu yake kuzuia upepo. Vidole vyake viliganda kwenye fundo.

"Nafasi gani ya jeshi?" aliuliza Mama Verna. Hakumwuliza Mooney. Alimwuliza mkwewe.

"Tutaongea nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani?"

Hapo ndipo Sajenti Mooney alipotambua alichokifanya. Alikohoa, akasema mkewe anamsubiri, akaondoka akitazama viatu vyake.

Ng'ambo ya maegesho, Dale Haskew alikuwa ameegemea pikapu yake akizungumza na wenzake wa visima vya mafuta. Aliinua kichwa, macho yake yakakutana na ya mkewe, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la Talara, pwani ya Peru, siku alipoingia zahanati ameungua mkono na kueleza kwa Kihispania chake kibovu kwamba anataka "kuolewa dawa," akimaanisha kupakwa. Zoraida alicheka mpaka bandeji ikamponyoka. Kwa tabasamu hilo aliacha mama yake, bahari yake na kazi yake ya uuguzi, akaja kuishi Lawton, Oklahoma, kwenye nchi ya ngano na upepo.

Alilitazama tabasamu hilo likifa. Mama Verna alikuwa ameshamfikia mwanawe na kumnong'oneza sikioni.

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja kula chakula cha mchana.

Mezani kwa Mama Verna palikuwa na kambare wa kukaanga, bamia na mkate wa mahindi. Chai ya barafu ilimiminwa kwenye bilauri tatu, na hakuna aliyeigusa. Ukutani, juu ya kiti kisichokaliwa na mtu, ilining'inia picha ya Lyle, mdogo wake Dale, akiwa amevaa sare ya jeshi. Chini yake palikuwa na kisanduku cha kioo chenye bendera iliyokunjwa pembe tatu.

"Haya, tuambie," Mama Verna alianza. "Umeanza lini kutembea na wanajeshi?"

"Mama!" Dale alisema.

"Nauliza. Au nyumbani kwangu nako siruhusiwi kuuliza?"

Zoraida aliweka uma chini. "Sijatembea na mtu. Nilikwenda ofisini kwake mchana, mlango ukiwa wazi, nikamwuliza kuhusu kazi."

"Kazi unayo," Dale alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Zoraida zaidi. "Si unafanya kazi kwa wazee?"

"Nabadilisha mashuka, Dale. Mimi ni muuguzi. Niliomba hospitali ya wanajeshi wastaafu, wakaniambia kazi za serikali ni za raia kwanza. Nikaomba zahanati ya kambi ya jeshi hapa mjini, wakaniambia hayo hayo. Mooney akaniambia jeshi lenyewe linapokea wenye kadi ya ukaazi, na watanisomesha niwe mganga wa askari, yule anayewatibu vitani."

"Na kwa nini mimi mumeo nimeyasikia kanisani?"

"Nilitaka kukwambia leo."

"Leo! Jana ulikuwa bubu?"

"Jana ulirudi umechoka, hata viatu hukuweza kuvua mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuvua."

Mama Verna aligonga meza kwa kijiko. "Wewe Dale, unauliza maswali ya kitoto. Mwulize hiyo saini ni ya nini."

Dale alimgeukia mkewe. Zoraida alivuta pumzi.

"Unajua kadi yangu ni ya masharti, kwa sababu ndoa yetu ilikuwa changa nilipoingia nchini. Inakaribia kuisha. Kabla haijaisha, mimi na wewe tunatakiwa tupeleke ombi pamoja, tutie saini wote wawili, kwamba ndoa yetu ni ya kweli. Mooney anasema kwa kadi kama yangu hawezi kuniandikisha mpaka ombi hilo liwe limepelekwa. Ndiyo hiyo saini."

"Na ukishavaa magwanda," Mama Verna alisema, "uraia unakuja mbio mbio. Si ndivyo? Hata mimi najua. Nimeishi na kambi hii maisha yangu yote."

"Ndiyo, unakuja mapema. Lakini siyo..."

Mama Verna alicheka, cheko kavu. "Basi ndiyo maana! Ndiyo maana siku hizi ni mume wangu huku, mume wangu kule. Nikamwambia dada yangu, huyu binti kabadilika, hata soksi anamkunjia."

"Soksi nimemkunjia tangu Talara."

"Talara ulikuwa unatafuta ndege ya kuja huku!"

"Mama, basi," Dale alisema. Lakini hakusema kwa nguvu, na Zoraida aliliona hilo. Alimtazama mumewe, akingoja naye amtazame. Dale aliendelea kukata kambare vipande vidogo vidogo.

"Siyo basi," Mama Verna aliinuka, akanyoosha kidole ukutani. "Mwanangu aliingia mlango ule akarudi ndani ya jeneza. Mimi nikapewa kitambaa kile. Wewe unataka kupita mlango ule ule kuchukua uraia, kama mtu anayepita dukani kununua sabuni. Huoni haya?"

Zoraida naye aliinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini Mama Verna alirudi nyuma nusu hatua.

"Mama, siku Lyle alipoumia, unadhani ni nani aliyekuwa amemshika? Ni mganga wa askari. Mtu wa kazi ninayoitaka mimi. Huenda na yeye alikuwa na kadi kama yangu."

"Usilitaje jina la mwanangu!"

"Ni shemeji yangu."

"Hukumjua! Usilitaje!"

Hapo ndipo king'ora cha kimbunga kilipolia.

Kililia kutoka upande wa mjini, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Dirishani mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya kijani iliyooza. Dale aliacha kisu, akamshika mama yake kiwiko.

"Handakini. Wote. Sasa hivi!"

Handaki la Mama Verna lilikuwa chini ya sakafu ya gereji, sanduku la chuma lililozikwa ardhini, lenye mfuniko wa kuteleza na benchi mbili nyembamba. Lilinunuliwa kwa ajili ya wana wawili na wazazi wawili. Sasa waliingia watatu, na bado lilikuwa dogo, maana chuki inachukua nafasi. Dale aliuvuta mfuniko, akawasha taa ya simu. Juu yao mvua ya mawe ilianza kupiga paa la gereji.

Goti la kushoto la Dale lilikuwa halikunjiki vizuri tangu ujana wake. Bila kufikiri, kama alivyozoea kila walipokuwa garini au sinema, Zoraida alisogea na kuuweka mguu ule juu ya paja lake upumzike. Dale aliuondoa. Alikaa vibaya, uso umemkunjamana kwa maumivu, lakini aliuondoa.

Zoraida alihisi kama amepigwa kofi.

"Nipe hizo karatasi," Dale alisema.

Zilikuwa kwenye mkoba wake. Alikuwa amezibeba ili wakitoka kwa mama waende ziwani wawili tu, wakae kwenye mawe, amweleze kila kitu taratibu. Sehemu yake alikwisha kuijaza na kutia saini. Dale alizitazama kwa mwanga wa simu.

"Nitatia saini."

"Dale!" mama yake alifoka.

"Nitatia saini kwa sharti moja. Usiende jeshini. Baki kwa wazee. Utapata kadi yako ya kudumu, tutaendelea na maisha yetu, na hatutalizungumza tena jambo hili."

Zoraida alifunga zipu ya mkoba. "Serikali imenipa kadi ya masharti. Mama yako ananipa mapenzi ya masharti. Sasa na wewe. Hebu niambie, nimeolewa na mwanaume au na idara ya uhamiaji?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii mzaha. Na nikikataa?"

"Basi sitii."

"Basi niache."

Mvua ya mawe ilizidi.

"Umesemaje?" Dale aliuliza.

"Niache. Nipe talaka. Mwanamke aliyeachwa anaruhusiwa kupeleka ombi peke yake, akionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli. Nitaonyesha. Nitawapelekea picha za harusi yetu. Nitawaletea mashahidi. Mama nitamwita wa kwanza."

"Mimi!" Mama Verna aliruka. "Mimi nikushuhudie wewe?"

"Utanishuhudia, mama. Watakuuliza kama nilikuwa mke wa mwanao, na wewe huwezi kusema uongo mbele ya Mungu wako. Tangu nije hapa umenichukia kama mkwe. Mgeni hachukiwi hivyo."

Kwa sekunde ndogo mdomo wa Dale ulicheza, kama mtu aliyetaka kucheka akajikumbusha. Zoraida aliliona hilo. Alishusha sauti.

"Mume wangu, unaogopa nitakufa? Niambie tu. Kama ni hilo, nitalielewa. Nitakukumbatia hapa hapa mbele ya mama."

Dale aliigeuza simu, taa ikaangalia sakafu.

"Haogopi utakufa," Mama Verna alisema gizani. "Anaogopa utavaa magwanda."

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Mkeo hajui? Hukumwambia? Walikwenda kujiandikisha asubuhi moja, yeye na Lyle, kwenye pikapu moja. Daktari wa jeshi akalitazama hilo goti, akamwambia rudi nyumbani. Lyle akachukuliwa." Sauti ya mwanamke yule ilianza kutetemeka, na kilichofuata pengine hakukusudia kitoke. "Walimchukua aliyefaa, wakanirudishia huyu."



Dale alikuwa ametazama chini. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana na mikono iliyojaa makovu ya mabomba, lakini pale kwenye benchi alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Mama," Zoraida alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya hatari, "huyu waliyekurudishia ndiye anayekutengenezea paa. Ndiye anayekupeleka kwa daktari wa macho. Akila kwako anaosha vyombo, na goti lake likivimba kwa kusimama anakwambia hajambo. Mwanao aliyekufa nakuonea huruma kwa ajili yake, kweli kabisa. Lakini ukimtukana tena mume wangu mbele yangu, nitakutoa humu nikakuache na kimbunga."

"Unasikia anavyoniambia?" Mama Verna alilia. "Dale, unasikia?"

Dale hakumsikia mama yake. Alikuwa anamtazama mkewe kwa macho ambayo Zoraida hakuwahi kuyaona, yenye mapenzi na hasira pamoja.

"Usinitetee," alisema. "Nani amekuomba unitetee?"

"Dale..."

"Unataka nikwambie? Nitakwambia. Nilisimama na chupi kwenye foleni, daktari akanipapasa kama ng'ombe, akaandika sifai. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Alipopita alinipiga begani akasema, usijali kaka, nitakwenda kwa niaba yetu wote wawili. Akaenda. Mimi nikabaki natembea mji huu, kila mtu ananitazama goti kabla ya uso. Mimi nimezaliwa hapa. Babu yangu kazikwa hapa. Hawakunitaka. Wewe umekuja juzi, Kiingereza bado kinakukwama, na wanakukimbilia mpaka mlangoni pa kanisa, dada Zoraida, dada Zoraida! Nitakaaje nyumba moja na hizo nguo? Nitazifua? Nitazianika uani watu wazione?"

Zoraida alimshika mkono. Safari hii Dale hakuuondoa, lakini hakufumba vidole. Aliuacha mkononi mwake kama kitu kilichosahauliwa.

"Kwa hiyo ungenifungia ndani," alisema Zoraida polepole, "ili usikumbuke."

"Ndiyo," alijibu Dale. "Kama ingewezekana, ndiyo."

Chini ya benchi, redio ndogo ya betri ilitangaza kwamba kimbunga kimepita kaskazini, kwenye mashamba matupu, na watu wa Lawton wanaweza kutoka.

Nyumba ilikuwa imesimama. Kibanda cha magari cha jirani kilikuwa kimelala juu ya ua wa Mama Verna, na mawe ya barafu yalikuwa yametapakaa kila mahali, meupe kwenye majani mabichi. Kioo cha mbele cha pikapu kilikuwa na ufa upande wa abiria. Jua lilitoka ghafla bila aibu, kana kwamba halikuhusika.

Mama Verna alisimama kwenye kizingiti cha gereji, nywele zimemtimka.

"Dale," alisema. "Ukitia saini hizo karatasi, usikanyage tena hapa."

Dale alikuwa ameshafika kwenye pikapu. Alifungua mlango wa nyuma, akafuta barafu na maji kwa mkono wa shati lake la kanisani, akalaza karatasi juu ya bati. Akamnyooshea mkewe mkono bila kumtazama.

"Kalamu."

Zoraida alimpa. Vidole vyao viligusana, vya Dale vikiwa baridi.

"Huna sharti?" aliuliza.

"Hapa wanauliza kama ndoa yetu ni ya kweli." Dale aliinama. "Nikiacha kutia, nitakuwa nimesema ni ya uongo. Sijawahi kusema uongo juu yako, na sitaanza leo kwa sababu ya goti."

Aliandika jina lake taratibu, kwa kukandamiza, kama anayechonga. Nyuma yao mlango wa gereji ulifungwa kwa kishindo.

Zoraida alitaka kumrukia shingoni. Aliinua mikono. Dale alimzuia kwa kiganja kimoja, kwa upole, kama mtu anavyozuia mlango usijifunge.

"Usinishukuru," alisema. "Bado nimekasirika. Umenificha, ukaniacha nisimame pale kanisani kama mjinga. Na sitakusindikiza, Zora. Siku ukiondoka sitakuwa kwenye kituo cha basi na maua. Siku wakikuvisha hizo nguo sitakuja kukupigia makofi. Usinitafute kwenye viti. Siwezi."

"Sijakuomba unisindikize."

"Unaniomba nini?"

Zoraida alishusha mikono. "Unisubiri."

Dale alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu kanisani alimtazama uso mzima, kuanzia nywele zilizolowa mpaka kidevuni, polepole, kama anayekariri. Midomo yake ilifunguka. Halafu akatoa funguo mfukoni akaziweka mkononi mwake.

"Chukua gari. Kaa upande usio na ufa."

"Na wewe?"

"Nitatembea."

"Na hilo goti?"

"Nimesema nitatembea."

Zoraida aliondoka na pikapu polepole, barafu ikisagika chini ya matairi. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Mama Verna amerudi mlangoni, anaita, mkono mmoja kifuani. Dale alikuwa katikati ya barabara. Hakugeuka kumwitikia mama yake, wala hakupiga hatua kumfuata mkewe.

Zoraida alijizuia mpaka kwenye taa za barabarani, kisha akalia kwa sauti, mbele ya familia nzima iliyokuwa kwenye gari la pembeni. Karatasi zilikuwa pajani mwake, na saini zote mbili zilikuwepo. Serikali ingesoma na kujua kwamba alikuwa na mume. Yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Talara, hakujua.